Pikapu Chini ya Kitanda

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Kwa masikitiko makubwa naandika kwamba kioo cha pembeni cha pikapu yangu, upande wa kulia, hatunacho tena. Jana jioni kilikuwa kizima; nilijitazama humo nikachana nywele. Leo asubuhi zimebaki skrubu tatu, zimepangwa juu ya boneti kama vijiko baada ya chakula.

Rangi haijachubuka. Hata chembe! Mimi kubadilisha balbu tu nilikwaruza mlango mzima. Nimesimama pale na kikombe cha chai, nikashindwa kukasirika. Kazi nzuri ni kazi nzuri, hata ukifanyiwa wewe.

Mke wangu hakuuliza habari za kioo. Ameuliza kama Jumamosi iko palepale. Jumamosi mama yake anahamia kwetu. Chumba alichopanga kina mpangaji mpya anayeingia mchana. Shemeji, kaka yake mke wangu, anayevuta mkokoteni sokoni, alijitolea kumhamisha. Mke wangu akamkata kauli mbele ya ukoo wote: hapana, mume wangu ana gari. Alisimama kabisa kuyasema hayo. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele.

Nimemwambia Jumamosi iko palepale.

Jumanne, tarehe 7

Indiketa zote mbili za nyuma. Nyaya zimekunjwa vizuri na kufungwa mafundo madogo zisining'inie. Huyu mtu amelelewa.

Nimetumia akili. Kazi safi hivi ni ya fundi, na fundi mtaani kwetu ni mmoja: Fundi Grisi, mwenye gereji pale kwenye kona. Nimemwendea nikamweleza usoni, mbele ya wateja wake, kwamba namjua. Nilitegemea atatetemeka. Amefuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akasema anashukuru kwa sifa, ila yeye asingepoteza muda na indiketa zile, zilikufa tangu mwaka jana. Kisha akanisihi nisikanyage tena kizingiti chake.

Wateja wamecheka. Sijui walichocheka.

Jumatano, tarehe 8

Hakuna kilichoibwa! Inaonekana mwizi alipumzika. Lakini mimi sikupumzika, nimewaza. Nimewaza mpaka chai ikaota ngozi.

Shemeji amepita na mkokoteni wake mtupu. Akaizunguka pikapu yangu mara moja, akauliza kama bado ataniachia kazi ya Jumamosi au nimekubali yaishe. Nikamuuliza yeye mkokoteni wake anaulindaje. Akasema haulindi, anayetaka kuuiba lazima auvute, na anayeweza kuuvuta ana kazi tayari.

Maneno ya kipuuzi, lakini yamenifungua macho. Mkokoteni hauibwi kwa sababu hauna vitu. Basi! Nami nitaiondolea pikapu vitu. Mwizi hawezi kung'oa kilichokwisha kung'olewa. Jioni nang'oa, asubuhi narudisha. Nashangaa dunia nzima haijaliona hili.

Nimeanza na kioo kilichobaki na betri. Nimeviweka kwenye chumba tulichomtayarishia mama mkwe, chini ya kitanda, juu ya gazeti. Mke wangu alikuwa anatundika mapazia mapya. Ametazama betri, akanitazama mimi, akarudi kwenye mapazia. Mwanamke mwenye subira. Wengine wangepiga kelele.

Alhamisi, tarehe 9

Ushindi! Mwizi hakugusa kitu.

Kwa kuwa sina safari kabla ya Jumamosi, asubuhi sikurudisha kitu; leo nimeongeza taa za mbele, spea tairi, redio na vitasa vya milango. Vitasa ndio ubongo wa mpango wote: mwizi hushika kitasa kwanza. Akikuta hakuna, anachanganyikiwa, anakwenda zake. Milango sasa naifunga kwa kuisukuma tu.

Kuna kasoro ndogo. Kung'oa kunachukua jioni nzima, na nati zimekuwa nyingi kuliko ninavyozikumbuka. Nimezitia zote kwenye sufuria moja. Mke wangu ameitafuta sufuria hiyo. Alipoipata alisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba Ijumaa jioni chumba cha mama yake kiwe kitupu, maana mama ni mtu mzima, hawezi kulala juu ya taa za gari.

Nikamwambia hatalala juu yake, taa ziko pembeni. Hakucheka.

Ijumaa, tarehe 10

Usiku wa leo ndio wenyewe. Mwizi akitaka kuniaibisha atachagua mkesha wa safari. Mtu mwenye kipaji kama chake anajua saa ya kupiga. Kwa hiyo nimekwenda mpaka mwisho. Nimetoa magurudumu. Manne yote! Pikapu imelala juu ya mawe kama kuku anayeatamia.

Magurudumu yako kwenye chumba cha mama mkwe, mawili kila upande wa kitanda. Mke wangu amekaa mlangoni, mikono mapajani. Amesema, "Mume wangu, nilisimama mbele ya watu nikasema una gari."

Nikamjibu kwamba ninalo, liko salama kuliko gari lolote mjini, na alfajiri nitalifunga haraka kuliko yeye anavyofunga kanga. Akainuka, akaenda zake kulala. Nadhani nimemtuliza.

Jeki na sanduku la spana nimeviacha nyuma kwenye bodi, chini ya turubai. Mgongo umekataa safari nyingine. Na kwa nini niviingize? Yule ni mtu wa kazi, ana spana zake. Kumwibia fundi spana ni kama kumwibia mshonaji sindano. Hakuna fundi anayemfanyia mwenzake hivyo.

Jumamosi, tarehe 11

Hakuwa na spana.

Turubai amelikunja vizuri, kona kwa kona, akaliacha. Sanduku hakuna, jeki hakuna. Nimekaa juu ya bodi nikitafakari. Ina maana kile kioo na zile indiketa alizitoa kwa bisibisi na plaizi tu! Bila mkwaruzo! Mtu wa namna hii akipata vifaa kamili atafika wapi?

Mke wangu hakuwa na nafasi ya kutafakari. Alitaka kujua gari linaondoka saa ngapi.

Nimekwenda kwa Fundi Grisi. Nimesimama nje ya kizingiti, kama alivyoniagiza, nikamwomba spana kwa sauti. Amesikiliza hadithi yote, pamoja na ya sufuria. Aliomba nirudie sehemu ya vitasa. Kisha akasema, "Nikikupa spana leo, kesho utasema nimerudi kuiba gurudumu. Bora tubaki marafiki hivi hivi, kwa mbali."

Siwezi kumlaumu. Ana mantiki.

Nimerudi nikamkuta mke wangu amejifunga kanga kiunoni, anatoka. Amekwenda mwenyewe sokoni kumwita kaka yake. Amepita mbele ya ndugu wale wale aliosimama mbele yao. Hakuinamisha kichwa. Nimemtazama mpaka alipokata kona. Mimi ningepita njia ya nyuma.

Shemeji, lazima niandike ukweli, anajua kupanga mzigo. Kabati chini, kitanda ubavuni, cherehani katikati imefungwa kama mtoto mgongoni. Mpangaji mpya alikuwa ameshafika na magodoro yake. Mimi nimesukuma nyuma. Kwenye kilima shemeji aligeuka akaniuliza kama na mimi nina vitu vya kung'oka, anishikie. Nilisukuma tu. Pumzi haikuwepo.

Mama mkwe alitembea kando yetu, amebeba taa yake ya mezani. Alipofika chumbani kwake akasimama. Akatazama magurudumu, taa, redio, vitasa, sufuria. Akaketi kitandani, akaweka mguu juu ya tairi, akasema, "Kumbe gari lipo, mwanangu. Ni mimi niliyekuwa sijui kwamba na lenyewe linahamia huku."

Mke wangu akacheka. Kwa mara ya kwanza wiki hii! Nikacheka na mimi, akaacha.

Jumapili, tarehe 12

Nimenunua spana mpya, seti kamili, na jeki. Nzuri ajabu. Nimezichukua jioni, kwa hiyo kufunga nitaanza kesho; mama mkwe amechoka na safari, hatuwezi kuburuta vyuma chumbani mwake.

Mke wangu amekataza chuma chochote kipya kuvuka mlango wa nyumba. Amesimama mlangoni, kama alivyosimama siku ile mbele ya ukoo. Nimeheshimu.

Lakini mimi nami nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuacha vifaa nje kwenye bodi, chini ya turubai, kwa mtu mwenye kipaji kama yule. Safari hii nimeviweka ndani ya gari kabisa, chini ya kiti cha dereva, nikafunga milango yote miwili.

Vitasa viko chini ya kitanda cha mama mkwe.