Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Dada wa Stoo anahamishiwa tawi la mbali. Ijumaa tunamuaga kwa chakula cha mchana. Muda wote huu nimekuwa nikienda kuomba kalamu ili nimwone tu. Droo yangu sasa inatosha kufungulia shule. Bosi akauliza nani atachora jedwali la viti. Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Mhasibu naye akanyoosha, polepole, kama anayejikuna. Amechelewa! Nitajiweka kiti cha pembeni ya Dada, nimwambie lililo moyoni.

Jumanne, 4 Machi
Mistari imenitesa. Nilivyoiona kwenye kompyuta nilidhani imeshachorwa. Nilipochapisha, karatasi ikatoka bila mstari hata mmoja, vyeo vinaelea kama nguo kwenye mafuriko. Nikachora upya, minene.

Sasa cheo cha Dada wa Stoo ni kirefu: Msimamizi wa Stoo na Vifaa vya Ofisi. Nilipoandika changu kwenye kisanduku cha pembeni, chake kikakatika kwenye "Msimamizi wa St". Nikafuta changu. Lo! Maneno yake yakamiminika hadi kwangu, yakajinyoosha humo kama mtu aliyefika nyumbani. Niliyatazama mpaka chai ikapoa. Nani ana roho ya kumfukuza? Nimeacha hivyohivyo. Kila mtu atajua kile kiti ni changu.

Jioni shangazi, ninayeishi kwake, akauliza nacheka na nani. Nikasema kazi inakwenda vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna aliyejua. Bosi akaona kiti hakina mwenyewe, akamwita Mhasibu, akamwandika palepale kwa kalamu, juu ya "Vifaa vya Ofisi". Kalamu kaazima kwangu! Mimi nikakabidhiwa jagi la juisi kwa kuwa nimesimama. Mhasibu ana kiu ya ngamia.

Nilipomfikia Dada wa Stoo, akaninong'oneza, "Kaka, mbona hukujiweka karibu nami? Nimekutafuta kwenye jedwali zima."

Juisi ikajaa, ikafurika mezani. Nikamjibu kwamba nafasi ilikuwa finyu. Finyu! Ulimi huu ukatwe. Gari lake lilipotoka getini nilikuwa bado nimeshika jagi.

Jumapili, 9 Machi
Jana nilipita ofisini bila sababu. Stoo imefungwa kwa kufuli jipya. Nilisimama pale kidogo, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Leo, ujumbe wake! Amefika salama, kumepooza huko, nimpigie. Moyo paa! Lakini kukurupuka ndiko kuliniponza. Safari hii napanga. Nimefungua jedwali jipya: safu moja salamu zangu, safu ya pili majibu atakayotoa, ya tatu neno lenyewe. Nimeshazungushia salamu mistari miwili miwili, zimependeza.

Shangazi amegonga mlango. Anasema simu inaita muda mrefu, kwa nini sipokei. Nimechungulia kioo cha simu. Ni yeye.

Atasubiri kidogo. Bado sijachagua rangi ya mistari.