Kamati ya Kutoka kwa Dhati

Kuanzia tarehe tisa mwezi wa tisa, kila mgeni atakayetoka nchini alitakiwa atoke kweli. Tangazo lilibandikwa kwenye daraja la Nong Sai, upande wa Thailand, likiwa na mihuri mitatu na picha ya Mkurugenzi Kraisorn, Mwenyekiti wa Kamati ya Kutoka kwa Dhati. Kamati ilikuwa imefanya utafiti kwa miezi kumi na minane, katika hoteli nne za ufukweni, ikagundua jambo la kusikitisha. Wageni wenye viza za muda mrefu, ambao sheria inawataka wavuke mpaka kila siku tisini, walikuwa wakipanda basi dogo, wakigongewa muhuri Laos, na kurudi kabla chai haijapoa. Miili ilitoka, mioyo ikabaki. Kamati iliona kuwa taifa haliwezi kujengwa kwa mtindo huo.

Bunruean, muuza tambi, alilisoma tangazo lile, kisha akazisoma kanuni zilizoning'inizwa chini yake, kurasa kumi na nne, kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri. Mumewe, Pentti, Mfini wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu, alikuwa ng'ambo ya kioo akihojiwa. Kwa miaka kumi na sita mzee huyo alikuwa akivuka daraja hili na kurudi, mara nne kila mwaka, na leo ndiyo mara ya kwanza anaulizwa habari za moyo.

"Mzee, ulitoka?" aliuliza Afande Wichian wa dirisha la tatu.

"Nilitoka."

"Kwa dhati?"

"Nilifika ng'ambo, nikanywa kahawa, nikarudi."

"Ukiwa huko, ulipasahau nyumbani hata kidogo?"

Pentti alifikiri sana. Uongo ni kazi ambayo hakuwahi kujifunza. "Hapana. Nilikuwa nawaza kama nimezima jiko."

"Basi hujatoka, mzee. Aliyetoka hawazi jiko." Akagonga muhuri mwekundu: HAJATOKA.

Bunruean akasogea kwenye kioo. "Wewe Wichian! Tambi zangu umezila tangu ukiwa kuruta."

"Shangazi, nisamehe. Kamera ya Kamati iko juu ya kichwa changu."

"Na asiporuhusiwa kuingia leo?"

"Anarudi kwao, anaanza viza upya. Miezi minane. Wengine mwaka."

Bunruean aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kwao Pentti hakukuwa na mtu tena, dawa zake za presha zilikuwa mezani nyumbani, na mwaka ni mwingi kwa watu wa umri wao. Alimpenyezea mumewe kifurushi cha wali wa kunata na kuku wa kuchoma chini ya kioo, kisha akarudi kwenye zile kurasa kumi na nne, safari hii akisoma kama mtu anayetafuta sindano.

Saa tatu na dakika tisa, wakati uliochaguliwa na mnajimu, Mkurugenzi aliwasili na watawa tisa na wapiga picha kumi na mmoja. Alikuja kuonyesha umma jinsi ya kutoka. Akahutubia kuhusu "mchakato shirikishi wa uondokaji wenye tija", akanyunyiziwa maji ya baraka, akaanza kutembea juu ya zulia jekundu.

Zulia lilikuwa limetandikwa kwenye njia ya wageni, kwa kuwa njia ya raia ilikuwa na shimo. Kila askari pale alijua kwamba mashine ya njia ile ikishasoma uso wa mtu, inamwandika mgeni. Hakuna aliyesema. Kwetu mkubwa hakosolewi hadharani, na faraghani pia ni vizuri asikosolewe. Askari waliunganisha viganja, wakainama, wakamwacha apite. Mashine ikalia mlio wa furaha.

Mkurugenzi akatembea hadi mstari wa katikati ya daraja, akapunga mkono kwa kamera, akageuka.

"Mheshimiwa," alisema Wichian, jasho likimtoka, "ulitoka?"

Mkurugenzi akacheka. "Si umeniona?"

"Kwa dhati?"

"We kijana, hunijui mimi?"

"Nakujua sana, Mheshimiwa. Lakini kifungu cha sita kinasema kujuana si kielelezo."

"Upuuzi gani huo? Nani kaandika?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mtawa mmoja alikohoa. Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja.

"Mimi ni raia! Pasipoti hii hapa!"

"Pasipoti ni nzuri sana, Mheshimiwa. Lakini mashine imeshakuandika mgeni, na fomu haina kisanduku cha raia."

"Badilisheni hiyo fomu!"

"Inabadilishwa na Mwenyekiti wa Kamati tu. Akiwa ndani ya nchi."

Muhuri mwekundu ukagongwa. Mkurugenzi akaenda kuketi kwenye benchi la bati, kando ya Pentti, katika jua ambalo Kamati haikuwa imelifanyia utafiti.

Ilipofika saa nane mchana, suti ilikuwa imelowa. Pentti alimkatia paja la kuku, na Mkurugenzi akalila bila kuuliza limetoka wapi.

"Wewe mzoefu," alinong'ona. "Wanataka nini hasa, hawa?"

"Hata mimi sijui," alisema Pentti. "Nadhani wanataka uhuzunike. Fikiria kitu ambacho huenda usikione tena."

Mkurugenzi akafumba macho, akafikiria kiti chake cha ofisini, kile cha ngozi kinachozunguka. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yenye kamasi.

"Hapo sasa!" alisema Wichian kwa heshima. "Hiyo ndiyo dhati. Amebaki shahidi tu."

"Shahidi gani tena?"

Bunruean alikuwa ameshafika kwenye kioo, kidole chake kikiwa kwenye ukurasa wa tano. "Afande, hapa pameandikwa shahidi awe amemwona mhusika akilia, asiwe raia, na awe ameshagongewa muhuri wa kuingia. Asiye raia aliyemwona Mheshimiwa akilia ni mzee wangu peke yake."

Wichian alisoma kifungu kile polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Mheshimiwa, itabidi mzee atangulie."

"Mgongee basi!" alifoka Mkurugenzi. "Mgongee huyo mzungu haraka!"

Pentti akaingia akichechemea. Bunruean akalishika shati lake na hakuliachia.

"Jiko nililizima mimi," alimwambia. "Twende nyumbani."

Baada ya ushahidi, Mkurugenzi naye aligongewa muhuri wake: MGENI, SIKU TISINI. Alisema angerekebisha mambo Jumatatu. Lakini mgeni haruhusiwi kuketi kwenye kamati ya taifa, wala kutia saini kanuni zake. Kamati ilikutana ufukweni, ikasikitika sana, ikamchagua naibu wake kuwa Mwenyekiti. Huyo alitangaza kwamba kanuni hazina kasoro hata moja, kwani tangu zianze zilikuwa zimempata mtu mmoja aliyetoka kwa dhati.

Mwezi wa kumi na mbili, basi dogo la kwenda mpakani lilijaa kama kawaida. Bunruean alikuwa akimsaidia mumewe kupanda alipomkuta mwanamume aliyevaa suti amekalia siti ya mbele, ile yenye nafasi ya kunyoosha mguu, fomu mapajani.

"Sogea nyuma, baba. Mwenzio ana goti."

"Mama, wewe hunijui? Mimi ni Mkurugenzi Kraisorn."

"Nakujua sana," alisema Bunruean, akimwondolea mkoba wake kwenye siti. "Lakini kujuana si kielelezo."