Mwongeli Ameacha Kulala Mchana

Jumatatu, 4 Mei 1959

Leo tena hakulala. Mwanzoni nilidhani ni mafua. Si mafua.

Niandike mambo yalivyokuwa, nisije nikaambiwa nilipanga vibaya. Asubuhi napiga picha wateja. Saa saba Mwongeli, binti yangu wa miaka miwili na nusu, anakula na kulala nyuma ya pazia la studio. Mimi naingia chumba cha giza, nasafisha picha mpaka saa tisa. Mama yake, Mbithe, yuko kiwandani akimenya mananasi mpaka jioni. Msichana aliyekuwa akitulelea mtoto aliolewa mwezi uliopita bila kujali biashara yangu. Lakini hata hivyo mambo yalikwenda, kwa sababu mtoto alilala.

Sasa halali. Anafungua mlango wa chumba cha giza kuangalia nafanya nini, mwanga unaingia, karatasi zote zinageuka nyeusi. Komeo siwezi kutia. Nikijifungia ndani, yeye atatoka mpaka stesheni na kupanda treni.

Studio hii ya Thika nimeijenga mwenyewe, kutoka kamera ya kuazima. Sikusaidiwa na mtu. Leo inaangushwa na mtu asiyenifika magotini.

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Mzee Muthoka, mzee wa kanisa, anataka picha nilizopiga kwenye harusi ya binti yake ziwe tayari Jumamosi. Asipozipata, atachukua filamu zake azipeleke Ruiru kwa Gichuru, mwenye studio iliyochorwa ndege ukutani. Mzee akihama, kanisa lote litahama. Kuna harusi tano kabla ya Agosti. Nimezihesabu.

Jioni Mbithe aliniuliza kwa nini nisisafishe picha usiku, mtoto akiwa amelala. Nikamwambia usiku watu hulala. Akauliza pia ule mto uliomo chumba cha giza ni wa nini. Wa kukalia, nikasema. Akasema una shimo la kichwa.

Mtu wa mananasi hawezi kujua kazi ya picha.

Jumanne, 5 Mei

Nimechunguza. Tatizo ni tumbo. Mtu mwenye tumbo zito hulala, hilo linajulikana na kila aliyewahi kukaa mkutano wa chifu baada ya chakula.

Nikapika isyo, mahindi na maharagwe ya kutosha, nikaponda na parachichi juu. Bakuli lake kubwa. Ili aone mfano mzuri nikala bakuli langu, halafu nikamaliza alichobakisha yeye, ambacho kilikuwa karibu chote. Tukajilaza nyuma ya pazia. Nikafumba macho kumwonyesha jinsi inavyofanywa.

Nilipofumbua, jua lilikuwa upande mwingine wa studio. Mwongeli hakuwepo. Nilimkuta barazani kwa Ajwang, fundi viatu, jirani yangu, amevaa buti mbili za askari, zote mbili za mguu wa kushoto. Ajwang akasema, "Baba Mwongeli, hongera. Nimesikia mmoja wenu amelala."

Kabla ya kwenda kwa Ajwang alikuwa amepitia chumba cha giza. Boksi la karatasi alilifungua kwa makini, akazipanga sakafuni moja moja kama mtu anayetandika mkeka. Mwanga umeziharibu zote. Limebaki boksi moja. Linatosha picha za Mzee Muthoka na hakuna ya kuharibu.

Nakubali kwamba parachichi lilizidi.

Jumatano, 6 Mei

Tumbo silo. Ni miguu. Mtoto haendi mahali popote, atachoka vipi?

Baada ya chakula nikamtembeza mpaka daraja la mto Chania. Matope ya mvua mpaka kwenye vifundo. Alitembea vizuri hadi duka la tatu, akasimama, akanyoosha mikono juu. Nikambeba. Safari iliyobaki, kwenda na kurudi, nilitembea mimi na akaangalia yeye. Aliuliza maji yanakwenda wapi. Nikamwambia mbali, mpaka baharini. Akauliza nani anayaambia njia. Nilikuwa sina pumzi ya kujibu.

Tuliporudi nilikaa kidogo kwenye kiti cha wateja. Nakumbuka kukaa. Sikumbuki mengine. Ajwang aliniamsha akasema kuna mteja alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, akaniona, akaogopa, akaondoka. Akasema alimweleza kwamba bado napumua.

Jirani wa namna hii ni hasara.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefunga studio nikaenda Ruiru kwa treni kumchunguza adui. Gichuru ana watoto watano na picha zake hazichelewi. Lazima ana dawa fulani.

Kabla ya kufika Juja, Mwongeli alikuwa amelala fofofo kifuani kwangu. Nilifurahi sana, halafu nikaanza kukasirika. Kwa Gichuru akaamka, macho kama taa. Wakati wa kurudi, kabla ya Juja, akalala tena. Hesabu ni hii: mtoto huyu analala vizuri mahali popote ambapo siwezi kusafisha picha.

Gichuru alinikaribisha chai kwa heshima, jambo lililonitia shaka. Nikamuuliza kama mtu wa kupitisha wakati, watoto wake wanalala saa ngapi mchana. Akacheka.

"Bwana Nzioka, mtoto akiacha kulala mchana ameacha. Ni kama kuacha ziwa la mama. Utamrudisha?"

Nikauliza basi anasafisha picha lini. Akasema usiku, wakiwa wamelala, na kwamba giza la usiku halilipiwi kodi. Nikaona wazi anaficha kitu. Mtu hakupi siri yake upesi hivyo.

Wakati wa kuagana akasema Mzee Muthoka alipita Jumanne kuuliza bei. Alisema polepole, akinitafutia kofia yangu.

Sijala chakula cha jioni. Mbithe akadhani ni ugonjwa. Kesho ndiyo siku ya mwisho.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika haya bila furaha, maana sikuwa na mpango.

Niliwaza kutikisa gunia analolalia kama treni. Nilitikisa. Akataka tena, akataka tena, nikaumia mgongo. Ikafika saa nane. Mvua inanyesha, mlango wa Ajwang umefungwa, boksi ni moja. Nikambeba Mwongeli, nikaingia naye chumba cha giza, nikamketisha juu ya mto, nikafunga mlango. Nikamwambia akigusa beseni tutakula njaa sote watatu.

Hakugusa. Aliitazama taa nyekundu, akaitazama mikono yangu myekundu, akaitazama yake. Nikatia karatasi ya kwanza kwenye dawa. Nyeupe tu. Halafu kofia. Halafu shela ya bibi harusi, halafu uso chini ya shela.

Mwongeli akainuka kwenye mto aone vizuri. Akauliza nani anakaa ndani ya maji. Nikamwambia hakuna mtu, ni dawa na mwanga. Akauliza, kabla ya kuja walikuwa wapi.

Nimefanya kazi hii tangu sijaoa na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilianza kumweleza habari za filamu, nikaona mimi mwenyewe sielewi sana. Walikuwa wapi?

Picha ya sita ilikuwa ya wageni. Mstari wa nyuma, katikati ya wanawake wa kwaya, ukaanza kutokea uso mmoja. Mwongeli akautambua kabla yangu. "Mwaitu," akamwita mama yake chini chini, kama mtu anayeogopa kumshtua. Halafu akaniambia nimtoe haraka, atasikia baridi.

Nikamtoa kwa koleo la mti, nikamsuuza, nikamning'iniza kwenye kamba. Mwongeli akamwangalia mpaka akaridhika. "Ingine," akasema.

Tulimaliza zote. Hakuna hata moja iliyoharibika. Hakulala hata dakika moja.

Jumamosi, 9 Mei

Mzee Muthoka alikuja na mke wake. Walizikagua picha moja moja mlangoni penye mwanga. Mke wake alilia kidogo, kwa uzuri. Mzee akasema zile harusi tano atazileta kwangu, na kwamba huko Ruiru alipita kuuliza tu.

Walipofika picha ya wageni, Mwongeli akawaonyesha kwa kidole. Akasema huyo ni mwaitu, alikuwa kwenye maji, baba akamtoa. Mzee Muthoka akaniuliza taratibu kama kuna ubatizo uliofanyika ambao kanisa halikuarifiwa.

Ilichukua muda kueleza. Ajwang alikuja kusaidia kueleza, ikachukua muda zaidi.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani, halafu nyumbani. Mwongeli amezunguka na beseni tupu tangu asubuhi akingoja bibi yake anayeishi Ngoliba atokee ndani.

Nimemwambia Mbithe kwamba kazi ya Mzee imekwisha lakini tatizo liko palepale, mtoto halali. Akauliza kwa nini ni lazima alale. Nikamwambia, ili picha zisafishwe. Akauliza kama za Ijumaa hazikusafishwa akiwa macho, tena bila kuharibika hata moja. Nikamwambia hiyo ilikuwa bahati, na biashara haiendeshwi kwa bahati. Tena kiti ndani ni kimoja na mto ni mmoja. Yeye akikaa juu ya mto, mimi nitafanya nini?

Mbithe akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Sikuona cha kuchekesha.

Nimerudia hesabu zote kwa utulivu. Kosa lilikuwa la Jumanne, na lilikuwa dogo: mahindi yalikuwa machache na parachichi jingi. Kesho mahindi yatazidi. Nimekwisha kuyaroweka. Na mto nimeuanika juani, nitaupeleka studio mapema.