Nani Atayaita Majina ya Wafu wa Polgarrow

Ijumaa, 24 Oktoba

Wiki moja kamili kabla ya Samhain, sikukuu yetu ya wafu. Tumekutana ukumbini, watu kumi na mmoja wa Njia ya Kale, dini yetu ya mababu, na sinia la mikate ya zafarani. Loveday Curnow hayupo. Alituongoza miaka ishirini na miwili, akafariki Machi. Kila mwaka ni yeye aliyesimama mbele ya moto kilimani na kuyaita majina ya wafu wetu. Swali la leo: sasa atayaita nani?

Nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Ursula Nankervis naye kanyoosha. Mkunga mstaafu, sauti kama kengele. Amezalisha nusu ya mji huu, na humtazama mtu kana kwamba bado amemshika miguu, kichwa chini. Kasema kwa upole kwamba jambo hili si mashindano. Wanaosema hivyo ndio wanaoongoza!

Uamuzi: tusubiri ishara ya Loveday mwenyewe. Aliwapenda mno kunguru wa ukutani kwake. Kunguru akimjia mmoja wetu, basi, huyo ndiye.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Hakuna aliyesema kwamba ishara hairuhusiwi kusaidiwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Nimepata saa nzima ya ziada ya kupanga mambo!

Dada yangu Thirza kaenda kanisani, kama kila Jumapili tangu azaliwe. Huko huniombea kwa jina, na kwa sauti. Mimi nimetoka bustanini na kofia yangu nyeusi, jibini juu yake. Kunguru wa kwanza kaja baada ya dakika ishirini. Kufika adhuhuri, wanne! Mmoja kanikalia kichwani akala taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Sijawahi kujisikia mkubwa hivi.

Thirza karudi, kauliza jibini yake iko wapi. Nimemwambia imetumika katika mambo ya kiroho. Kasema ile ilikuwa jibini ya chakula cha mchana. Kasema pia, “Denzil, mtaa mzima unakuita mchawi, na hujawahi kuroga hata chawa.” Nimemweleza kwa mara ya mia kwamba sisi haturogi mtu; tunawasha mishumaa na kuwakumbuka waliotutangulia. Kasema basi niikumbuke na jibini.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku ya kusafisha kaburi la Loveday. Wote kumi na mmoja na ndoo na mafagio. Kofia kichwani, jibini mara mbili ya kipimo cha Jumapili.

Kosa dogo: makaburi yako juu ya bandari. Kunguru hawakuja. Walikuja shakwe, wale ndege wezi wa baharini.

Watatu, wakubwa kama bata mzinga. Wa kwanza kanipiga ubawa usoni. Wa pili kanipokonya kofia. Wa tatu, alipokuta kofia haipo tena, kaanza na nywele. Nimekimbia kati ya makaburi nikiwaomba radhi wenyewe waliolala. Ursula kasimama katikati ya njia na fagio lake, kalizungusha mara moja tu, ndege wakatawanyika. Papo hapo kunguru mmoja katua juu ya mpini wa fagio. Akatulia. Akamtazama Ursula, akaruka zake.

Mafagio yote yakashushwa. Kisha wote wakasema kwa pamoja kwamba ishara imeonekana.

Nimepinga. Nimesema ndege watatu ni wengi kuliko mmoja. Hawakuhesabu hivyo.

Nimepewa kazi nyingine “ya heshima”: kumleta Hedley, mume wa marehemu. Tangu mazishi hajamfungulia mtu mlango. Wote kumi wameshajaribu. Wamenipa ili nisiwasumbue, najua. Lakini hawajui ninachokijua mimi: daftari la majina, alilolijaza Loveday kwa mkono wake, liko kwa Hedley. Mwenye daftari ndiye mwenye kuita. Ursula ataita nini, majina ya watoto aliowazalisha?

Jumatano, 29 Oktoba

Nimebisha kwa Hedley. Sauti kutoka tundu la barua mlangoni: nani? Nimesema ni mimi. Kasema, “Nenda zako, Denzil.”

Amezungumza nami! Wengine hawakupata hata kikohozi. Nimepiga magoti na kuweka mdomo kwenye tundu. Nimempa pole ndefu, nzuri, niliyokuwa nimeiandika. Kaniacha nimalize. Kisha kauliza ninataka nini hasa, maana katika miaka kumi na tano sijawahi kufika kwake bila kutaka kitu, na mara ya mwisho kilikuwa ngazi, na ngazi yenyewe hajaiona tena.

Nimekubali kwamba ngazi ninayo. Nimesikia kitu kama mtu anayezuia kucheka. Au ni bawaba.

Magoti yanauma. Siku nzuri sana.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mpango mpya: zawadi. Nimechonga taa ya turnipu, ule mzizi mnene wa kupikia supu, kama walivyofanya mababu kabla ya maboga kuingia kila mahali. Na si taa ya sura yoyote tu. Sura ya Loveday! Turnipu ni ngumu kama jiwe la barabara. Kazi ya saa tatu na nusu, vijiko viwili vya Thirza vimepinda, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Thirza kaitazama, kafanya ishara ya msalaba, na sisi hatujawahi kuwa Wakatoliki.

Nimeiinua mbele ya dirisha la Hedley. Pazia likasogea. Mlango ukafunguliwa! Kakonda, sweta kavaa nje ndani.

“Hiyo ni nini?”

Nimesema ni Loveday.

“Huyu? Huyu ni mke wangu?”

Nimesema ukimtazama kwa upande wa kushoto.

Kaitazama kwa upande wa kushoto. Kaketi kizingitini, kaanza kucheka. Kacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko kikageuka kitu kingine, na mabega yake yakawa yanatikisika na hakuna sauti iliyotoka. Sikujua la kufanya. Nilikuwa na turnipu mikononi. Nikaketi kando yake.

Tumekaa hapo hadi chai yake ikapoa ndani. Kaniambia kila asubuhi bado hutoa vikombe viwili, hurudisha kimoja, na kukirudisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote za siku. Kaniambia Loveday alikuwa akikoroma kama trekta, na sasa nyumba ni kimya hata hawezi kulala. Nimemsikiliza. Sikusema neno, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka. Daftari! Nimesahau kuomba daftari! Mjinga mimi!

Ijumaa, 31 Oktoba. Samhain!

USHINDI! Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa kumi jioni, chakula cha kimya ukumbini. Picha za wafu mezani, mshumaa mbele ya kila moja. Kwenye kichwa cha meza, kiti kitupu na sahani ya wafu: mkate, tofaa, bilauri ya mvinyo wa matofaa. Hakuna kunena neno hadi moto uwashwe.

Tumeketi. Mlango ukafunguliwa. Hedley! Kanyoa, kavaa koti, na chini ya kwapa: daftari. Watu wazima kumi wakasimama na vinywa wazi, hakuna anayeruhusiwa kusema hata “karibu”.

Nimeruka kulipokea daftari. Kadhani nampa mkono. Kanivuta, kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Aliponiachia niliyumba kinyumenyume, nikaketi. Kwa mshtuko nikachukua mkate, nikauma.

Kiti cha wafu. Mkate wa wafu.

Hakuna anayejua kutukanwa kama hajatukanwa na watu kumi wasioruhusiwa kusema. Ursula alinipa kwa macho hotuba ya robo saa. Sikuweza kuutema, wala kuumeza. Ndipo Hedley akaanza kutoa kicheko puani. Kisha jirani yake. Meza nzima ikawa inatikisika, mishumaa ikicheza, machozi yakitiririka, na hakuna hata mmoja aliyevunja kimya. Nadhani wafu walifurahi. Mkate wenyewe ulikuwa mkavu.

Jua lilipozama tukapanda kilimani, moto ukawashwa. Ursula akasogea mbele, akavuta pumzi. Hedley akamgusa bega, akauliza kama anaweza kuyasoma yeye. Ursula hakusita hata kidogo. Akarudi nyuma, akaichukua mkononi mwangu ile taa ya turnipu, akammulikia ukurasa.

Majina sitini na moja. Kila jina, sote tukajibu, “Tunakukumbuka.” La mwisho lilikuwa na wino mpya. “Loveday Curnow,” akasema, na sauti haikukatika. Tulijibu mpaka bandarini wakasikia. Macho yangu yalilowa. Moshi wa turnipu.

Tukishuka, Ursula kanishika mkono. Kasema, “Denzil, wewe umefanya jambo lililotushinda sote.” Nimemwambia nililipanga hivyo tangu mwanzo. Kauondoa mkono.

Jumamosi, 1 Novemba

Habari zimefika kwa mwoka mikate kabla ya saa mbili asubuhi. Thirza karudi na mkate na maoni. Kasema mara moja katika maisha yangu nimefanya jema, na nimelifanya kwa sababu nilisahau kufanya hila. Kauliza nimejifunza nini.

Nimejifunza kwamba hila zangu zinafanya kazi! Ila zinahitaji kuanza mapema.

Sikukuu ya majira ya baridi ni tarehe ishirini na moja Desemba. Tutachagua Mfalme wa Majani Makavu, kwa kura. Hedley kanialika chai Jumatatu. Nimekubali haraka, mtu mwema, na ana kura. Mfalme lazima awe na ndevu ndefu. Zangu hazioti. Asubuhi hii nimekusanya kuvumwani, ule ukijani laini unaoota ukutani, nikaibandika kidevuni kwa gundi ya viatu, kujaribu tu.

Sasa ni adhuhuri. Ndevu hazitoki. Thirza kaenda kutafuta mafuta ya kupikia, anacheka njia nzima.

Gundi bora kabisa. Hakuna atakayenivua ufalme huu.