Babu Hajazoea Shule

Jumatatu, 6 Januari

Nimempeleka mjukuu wangu chekechea. Siku yake ya kwanza. Binti yangu, mama yake, humwacha kwetu alfajiri awahi kazini, na mke wangu amesema kwa kuwa nimestaafu na kazi yangu sasa ni kumfuata nyuma nikimwelekeza namna ya kufagia, basi niende mimi. Nikakubali shingo upande. Nilidhani ni kufika, kumwacha mtoto, kurudi.

Lahaula! Darasa lile! Kona ya rangi, kona ya vitabu, kona ya mchanga. Na kona ya matofali ya mbao. Zaidi ya mia mbili, yamekatwa sawasawa, pembe zote mraba. Miaka thelathini na mbili nimekuwa mpima ardhi, nikiwaonyesha wengine mahali pa kujenga. Mwenyewe sijawahi kuweka tofali juu ya tofali. Mikono ikaniwasha.

Mwalimu, binti mpole ambaye sauti yake haipandi hata iweje, akatutangazia utaratibu. Mtoto anayelia anaruhusiwa kukaa na mtu wake mpaka azoee. Akizoea, mtu wake anakwenda zake. Watoto kumi na wanne wakalia kama walioambizana. Mjukuu wangu? Macho makavu! Akauliza gundi iko wapi. Nimeona aibu.

Mwalimu akaniruhusu nikae hadi saa nne, kwa kuwa ni siku ya kwanza, kwenye kiti kilichonifanya magoti yanifike masikioni. Akaniomba nimtazamie kama meza ya rangi imeinama. Nikachungulia. Imeinama, upana wa kidole. Akashukuru sana. Miezi minne tangu nistaafu, hakuna aliyewahi kuniuliza kama kitu chochote kimeinama.

Kesho mtoto huyu lazima alie.

Jumanne, 7 Januari

Mpango: biskuti mbili kwa kilio kimoja. Nimemweleza mjukuu njiani, kinaganaga. Akataka kujua ni kilio cha kuanguka au cha kunyang'anywa. Nikasema chochote. Akaanza pale pale, mbele ya bucha! Cha kunyang'anywa. Muuza nyama akatoka na kisu mkononi, akaniuliza mtoto huyu nimemtoa wapi. Nimejieleza mpaka jasho likanitoka. Tulipofika langoni mjukuu alishamaliza, ameshajifuta kamasi, anadai chake. Amesema ameshalia. Ni kweli, ameshalia. Sikutaja mahali pa kulia. Uzembe wangu, na mtu wa ramani kama mimi!

Nikamwambia Mwalimu kwamba mtoto analia ndani kwa ndani, na hicho ndicho kilio kibaya. Mwalimu akamtazama mjukuu, anacheka, mdomo umejaa biskuti. Akanipa siku nyingine. Ana huruma. Au alihitaji mtu wa kuchonga penseli, maana nimechonga arobaini na moja.

Jumatano, 8 Januari

Nimepata adui. Ana miaka minne na nusu. Namwita Mkandarasi, kwa sababu ametawala kona ya matofali tangu Jumatatu na hakuna anayegusa tofali bila idhini yake.

Kona ile ina sheria. Kadi nne zimetundikwa msumarini. Anayetaka kujenga anavaa kadi shingoni. Kadi zikiisha, unangoja. Leo nikaiwahi ya nne. Mkandarasi huyo, mbio, kwenda kunishtaki! Mwalimu akaniomba niirudishe, kuna mtoto anangoja zamu. Nikairudisha huku roho inaniuma.

Basi nikasimama pembeni. Nikatoa timazi yangu, ile kamba yenye kizito ambayo natembea nayo mpaka misibani, nikaupima ukuta wake. Umepinda! Nikamwambia kwa heshima kwamba utaanguka. Akanijibu kwamba hajaniuliza. Nikangoja uanguke. Saa tatu, wapi. Saa tatu na nusu, umesimama tu. Nikaugusa kwa kidole, kidogo tu, kuthibitisha. Ukaanguka.

Yowe lile! Nikasema ni upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nimewekwa kwenye kiti cha kutulia dakika tano, pamoja na mtoto aliyemng'ata mwenzake. Tumetazamana.

Lakini nilisema utaanguka, na umeanguka.

Ijumaa, 10 Januari

Jana shule ilifungwa, bomba lilipasuka. Nimekaa nyumbani nikapima jiko. Mke wangu akanifukuza na mwiko.

Leo mpango wa akili zaidi. Hadithi ya huzuni njiani, ili mtoto afike akiwa amelainika. Nikatunga ya ng'ombe aliyepotelewa na ndama wake, akamtafuta miaka saba, akamwona siku moja ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Nilivyoisimulia! Tulipofika kwenye mto sauti ikanikatika, nikasimama kwenye nguzo ya umeme nikalia. Mjukuu akanipa leso yake. Akauliza kwa nini ng'ombe asipite darajani.

Kufika darasani, akawasimulia wenzake. Yote, na sauti ya ng'ombe akaiweka. Darasa zima likaangua kilio! Mkandarasi ndiye aliyelia kuliko wote, kajilaza chini anamwita ndama. Mwalimu ameimba hadi saa nne. Waliotulia tangu Jumanne wameanza upya, na mama zao wameitwa mmoja mmoja kutoka makazini.

Mjukuu wangu amepewa stika ya nyota kwa kusimulia vizuri. Hakudondosha hata chozi. Mtoto ana moyo wa chuma huyu, sijui kautoa wapi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimebadilisha mbinu. Badala ya mtoto kunihitaji, darasa linihitaji. Baada ya maziwa ya saa nne watoto hulala nusu saa kwenye mikeka. Mwalimu ana kazi ya kuwabembeleza mmoja mmoja. Nikajitolea. Nikamwambia aende akapumzike, akanywe chai, watoto wangu wote nimewalaza mimi. Mke wangu angesikia angepiga ukelele, lakini hakuwepo.

Nikajinyoosha mkekani kuwaonyesha mfano. Nikafumba macho kuwaonyesha mfano. Nikakoroma, nadhani, kuwaonyesha mfano.

Nimeamshwa na makofi. Darasa zima limenizunguka. Hakuna aliyelala hata mmoja! Mkandarasi amepiga magoti ubavuni kwangu, ulimi nje, na juu ya tumbo langu kuna mnara wa matofali tisa. Unapanda nikivuta pumzi, unashuka nikizitoa. Nimeinua kichwa taratibu, nikautazama kwa jicho moja. Umenyooka! Sijawahi kuona kitu kimenyooka vile juu ya ardhi inayopumua. Ningempongeza, ila mtu ana msimamo wake.

Mwalimu akaingia na kikombe cha chai. Akatoka tena. Nimemsikia akicheka ukumbini, kisha akarudi na uso wa kazi.

Jumanne, 14 Januari

Mambo yameharibika. Mwalimu amempigia simu binti yangu. Amemwambia mtoto amezoea tangu siku ya kwanza, ni mchangamfu, anashirikiana na wenzake. Ila babu yake bado. Ijumaa iwe mwisho wangu kuingia darasani.

Binti yangu amekuja jioni, hata viatu hajavua. Ameniuliza kama ni kweli namlipa mtoto biskuti alie. Nikamwambia ni mafunzo. Akaniuliza kama ni kweli nilibomoa ukuta wa mtoto wa watu. Nikamwambia ulikuwa umepinda. Mke wangu akadakia kwamba mtu mzima mwenye mvi gani anagombana na mtoto wa miaka minne. Na nusu, nikasema. Ndipo akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kulala.

Siku tatu zimebaki. Nikikosa kile kiti, nitabaki na nini? Jiko nimeshalipima.

Alhamisi, 16 Januari

Jana nilijifanya mwema. Nimebandika karatasi, nimefunga kamba za viatu ishirini na sita, nimemshikia Mkandarasi ubao mrefu wa daraja lake, sikugusa timazi. Lakini usiku wa kuamkia leo nikagundua tatizo halisi la darasa lile: halijapimwa! Watoto wanagombania kona kwa sababu hakuna anayejua mpaka wake. Na mpima ardhi wao yumo ndani, amekalia kiti kidogo, anachonga penseli!

Nikawahi kabla ya kengele. Tepu ya kupimia, chaki nyeupe, saa nzima nimetambaa. Mistari safi kabisa. Kila kona na kiwanja chake. Mwalimu akaingia, akasema ni nadhifu. Nadhifu! Nikaona ajira hiyo inakuja.

Watoto nikawaeleza maana ya mpaka. Nimeeleza vizuri kupita kiasi. Kwa nusu saa palikuwa kimya, hakuna ugomvi, nikatembea mikono nyuma kama wakubwa waliokuwa wakinikagua zamani. Kisha mtoto mmoja wa kona ya rangi akaanza kubana miguu. Choo kiko ng'ambo ya kona ya vitabu. Nikamwambia apite. Akakataa, si kiwanja chake! Wenye vitabu nao wakamwambia kweli, si kiwanja chake. Mkandarasi akaona fursa. Akaja na fimbo ya ufagio, akailaza njiani, akatangaza hapa ndipo pa kupitia, na anayepita atoe kalamu moja ya rangi. Foleni ikafika mlangoni. Mimi mwenyewe nimetoa kalamu ya kijani, kwa kuwa sheria ni sheria.

Yule wa kubana miguu hakuwa na kalamu. Sitaandika zaidi. Yalifuatia madimbwi manne, katika viwanja vinne tofauti.

Mwalimu alifuta mistari yangu kwa dekio. Sauti yake ikapanda. Mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe.

Ijumaa, 17 Januari

Siku ya mwisho. Nimevaa koti.

Mwalimu alitusubiri mlangoni. Akasema tuagane hapo hapo. Mjukuu akaachia mkono wangu. Mimi sikuachia wake. Akavuta, nikavuta. Nikataka kusema neno la babu, lenye busara. Machozi hayo! Mbele ya wazazi wote, na koti langu! Nimefanya kazi miaka thelathini na mbili, siku ya kustaafu nikapewa saa ya ukutani, hakuna aliyelia, hata mimi sikulia. Leo nimelilia kiti cha mtoto. Imeniuma, na siwezi kuandika kwamba haijaniuma.

Mjukuu akaniinamisha kwa kuvuta koti. Akaniambia nisilie, ni mpaka saa sita tu. Akasema nitazoea, kwamba yeye pia nyumbani kwetu mwanzoni hakupazoea. Akanibandika stika ya nyota kifuani, akaingia ndani bila kugeuka.

Nilikuwa nimeshafika langoni Mkandarasi akanipigia kelele dirishani. Anataka kujua Jumatatu nani atamshikia ubao mrefu. Nikampungia mkono nikaondoka.

Mke wangu ameiona ile stika. Amenipakulia chakula, kisha akaniuliza kama rafu ya jikoni imeinama. Haijainama, anajua kwamba haijainama. Tumekaa wote wawili tukaitazama.

Jumatatu, 20 Januari

Nimejifunza mengi. Mtu mzima na heshima yake. Watoto waachwe wakue, na vijana waachwe wafundishe. Leo nimemfikisha mjukuu mlangoni, nimemsalimu Mwalimu, nimegeuka kiungwana. Sikuchungulia dirishani. Mara moja tu.

Nikiwa narudi nikapita kwa jirani yetu, mshonaji. Ana kitindamimba chake, miaka mitatu na miezi minane. Mtaa mzima unajua mtoto yule analilia chochote. Nikauliza kwa mbali, huku nashika shika vitambaa, kama hawajafikiria kumpeleka shule. Mshonaji akasema wamemwandikisha, darasa lile lile, ataanza Jumatano. Ila amevunjika moyo. Ana oda za sare hadi mwisho wa mwezi, hana mtu wa kumpeleka, na mtoto mwenyewe pengine itamchukua mwaka mzima kuzoea.

Mwaka mzima!

Nikamwambia ujirani ni kusaidiana. Akanishukuru mpaka akataka kunishonea suruali. Nikavaa kofia yangu niondoke, mtoto akaiona, akaangua kilio. Nikaivua, akanyamaza. Nikaivaa tena, kwa majaribio. Dakika kumi na mbili, bila biskuti! Mtoto ana kipaji.

Jumatano natoka na kofia mbili.