Ombi la Kumrudisha Mdogo Wako Kwenu Akasafishwe

Kwa Wifi Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi wa ndoa, si ile ya intaneti iliyoniletea balaa hili.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa kompyuta ya duka letu la kuchapa na kupiga picha iko katika matibabu. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazee wangu ukasema mdogo wako ni mtaratibu, hana makuu. Sikatai. Ila tangu kompyuta ianze kujikokota kama kobe mjamzito, utaratibu umehama, makuu yamepanga. Nayaweka malalamiko kwa namba, usije ukayachanganya na mapenzi ya udugu.

1. Alianza kutafuta programu ya kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi. Wifi, mimi alinichumbia baada ya kuniona mara mbili tu. Programu aliichunguza wiki nzima: akasoma sifa zake, akawauliza waliowahi kuishi nayo, akataka kujua kama ni mgomvi. Mwisho akachagua yenye picha ya ufagio. Ufagio wa kweli uko nyuma ya mlango, na hawajawahi kusalimiana.

2. Ile ya ufagio ikatangaza kuwa kompyuta imejaa makosa. Kwa hofu akaleta ya pili ithibitishe. Ya pili ikasema uchafu ni ile ya kwanza. Ya tatu ikazishitaki zote mbili. Sasa zinaamka pamoja asubuhi, zinakaguana, na kompyuta inahema tu. Dereva mmoja alikuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Akasubiri, akaenda, akarudi. Mara ya mwisho alitaka tumchapie barua ya kulalamika kwamba nafasi imeshachukuliwa.

3. Hili lilinitoa machozi. Programu ya nne hutafuta picha zinazojirudia na kufuta za ziada. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa amewaleta wanawe mapacha wapigwe picha za shule. Alipozifuata akapewa za mmoja. “Mwanangu mwingine yuko wapi?” akauliza. Mdogo wako akajibu kwa upole, “Mama, programu imeona ni nakala.” Yule mama alivua kiatu, Wifi. Nikajitupa katikati. Tangu siku hiyo soko zima limehamia kwa jirani, na duka hili ndilo linalotulisha.

4. Maradhi yamefika nyumbani. Anasema kisichotumika kinapunguza kasi ya nyumba. Limeondoka sufuria kubwa, likafuata begi la mama yangu. Jana nimemkuta mlangoni pa chumba cha wageni, anamtazama mjomba wenu aliyelala. “Hivi huyu anatumika?” akaninong'oneza. Bahati mjomba aliamka akaomba maji.

5. Kwa hiyo nimetumia elimu yake mwenyewe. Husema kinachochelewesha kompyuta ni kile kinachojiwasha chenyewe bila kutumwa, kikakaa nyuma kikila nguvu za wenzake. Wifi, umemtambua? Kwa heshima zote, naomba mje mumchukue. Mpunguzieni yasiyo ya lazima, mzimeni, mwasheni, kisha mnirejeshee. Akishindikana, nipeni mwingine wa ukoo huohuo, maana ninyi nimeshawazoea.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mkwe msomee yote, ila namba tano iruke.

Ni mimi, katika ndoa na subira,
Mke wa mdogo wako

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi. Leo asubuhi amezifuta programu zote kwa hasira, akafungua kasha la kompyuta na kupuliza. Vumbi lililotoka lingeotesha maharage. Sasa inakimbia! Akaenda mwenyewe sokoni kuwapiga picha wale mapacha upya, mmoja ananuna, mwingine anacheka, na mama yao ametusamehe. Kazi ziliisha mapema, tukakosa la kufanya, tukakaa kwenye benchi mbele ya duka. Akaniigizia programu zake zikishitakiana, kila moja na sauti yake, nikacheka hadi nikashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kuwa mtu huyu nilimpendea maneno yake. Basi usije kumchukua. Njoo kutusalimu tu, ila kama huko kwenu kuna kompyuta nzito, nakuomba sana, usimtajie.