Mafunzo Makali ya Kamanda

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema ya kuanza kazi kubwa. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mguu wa kushoto uko ndani ya hogo la plasta, mgumu kama gogo, na daktari kasema nisitoke nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Waongoza watalii wenzangu wako mlimani na wageni. Mimi niko sebuleni na mbwa.

Mbwa kaletwa jana na dada yangu Hellen kutoka Pasua. Eti nisikae peke yangu. Upweke sijawahi kuulalamikia! Nilikuwa nampigia simu kila jioni kumjulisha hali ya hewa ya Kirua, basi.

Ni mtoto bado. Wa kahawia, masikio yamelala, tumbo kama kibuyu. Nimempa jina Kamanda. Kwa sasa Kamanda yuko chini ya kitanda kwa sababu kuku amepita mlangoni.

Hellen kaweka sharti. Anarudi Jumamosi. Akikuta mbwa bado anawakimbia watu, anamchukua na kumpeleka kwa shemeji zake Njoro, kwenye nyumba yenye watoto tele. Anasema mbwa akikua bila kuzoea watu huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Nimemwambia aje tu, tena aje na simu yenye chaji apige picha. Mimi niliyewafikisha kileleni wazee wa Kizungu wenye magoti mabovu nishindwe na huyu?

Akiwa mlangoni kaniuliza kama nimeshayamaliza na Mwalimu Yuditha. Mguu ukaanza kuniuma ghafla.

Jumanne, 10 Juni

Niandike kisa cha Mwalimu Yuditha, kisije kikapotoshwa. Ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana mparachichi. Tawi moja la mparachichi huo limevuka mpaka likaja kwangu. Kilicho kwangu ni changu. Nilipanda kulikagua. Nilibeba mfuko, ndiyo, mtu hapandi mti mikono mitupu. Tawi likavunjika. Lenyewe likaangukia banda lake la kuku, mimi nikaangukia mguu. Yeye anataka nimwombe radhi. Mimi nasema ulioanza kukosa ni mti. Tangu siku ile sijampa shikamoo, na ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

Hellen anasema nichume jani la isale nimpelekee, yaishe. Kwetu ukimpelekea mtu isale umekiri kosa, na yeye hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimuulia ng'ombe. Mimi nimpelekee isale? Afadhali nipande kilele cha Mawenzi kwa magongo.

Turudi kwenye mafunzo. Nimesoma kwenye simu kwamba mtoto wa mbwa akutanishwe na watu wa kila aina: wenye kofia, wenye miwani, wanawake, wazee. Mimi sina watu. Swaleh wa bodaboda kaja na mifupa ya supu. Kamanda kaona helmeti, kakojoa ndani ya kiatu changu, kile cha mguu mzima. Hakuna shida. Watu sina, lakini kabati la nguo ninalo.

Jumatano, 11 Juni

Leo Kamanda amekutana na watu wengi. Wote ni mimi.

Kwanza mzee: koti la marehemu baba, kofia, na kikohozi. Kamanda chini ya kitanda. Kisha mpanda mlima: miwani ya theluji, taa ya kichwani, uso umefunikwa. Chini ya kitanda, ukutani kabisa. Mwisho mama: kitenge alichosahau Hellen, kilemba, na sauti nyororo ya kumbembeleza nikiwa barazani. Akaanza kutoka! Pua ikafika mlangoni! Ndipo kwaya ya akina mama ya usharika ikapita kwenda mazoezini. Wakasimama wote. Nikawasalimu, na sauti nyororo ilikuwa bado haijanitoka. Mama mmoja akasema Bwana asifiwe, akawahimiza wenzake watembee haraka.

Mwalimu Yuditha naye alikuwa anatazama juu ya uzio. Hakucheka hata kidogo. Angecheka ningemjibu! Mwanamke huyu hana ubinadamu.

Jioni nikavua vyote nikabaki Eliudi. Kamanda akatoka mwenyewe, akapanda, akalala juu ya hogo langu. Sikusogea mpaka mguu wa pili ukafa ganzi. Nampenda mbwa huyu. Nimeandika, na hapa hasomi mtu. Njoro haendi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegundua kosa lilipo. Kamanda hana woga, hana kazi! Mwenye kazi huwafuata watu mwenyewe. Nitamfundisha kuwapelekea vitu.

Nimekaa kitini kwenye mpaka, karibu na uzio. Kitu pekee kilichokuwa karibu na mkono wangu ni uzio wenyewe, ambao ni wa masale. Jani refu, gumu, halikatiki ovyo. Nikachuma moja, nikalipaka mafuta ya mfupa, nikarusha, nikasema leta. Kaleta! Mara ya kwanza! Nikarusha tena, kaleta tena. Nilishangilia mpaka ng'ombe wa Mwalimu akaitikia.

Mchana nikasinzia palepale. Kuamka, Kamanda hayupo. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Baadaye akachomoza chini ya uzio, sharubu nyeupe kwa maziwa. Kayatoa wapi? Mbwa mwerevu sana huyu, anajitafutia.

Ijumaa, 13 Juni

Mtihani wa mwisho kabla ya Hellen. Nilimwomba Swaleh aje kwa miguu, bila helmeti, asimame getini, aseme leta. Kamanda alikuwa tayari, jani mdomoni, kifua mbele. Akamwona Swaleh. Akageuka, akapita chini ya uzio, akaingia kwa Mwalimu Yuditha. Akarudi bila jani.

Nilianza kumkaripia kwa kumwachia adui kifaa cha mafunzo. Katikati ya sentensi nikakumbuka kifaa chenyewe ni nini. Isale! Kutoka kwangu kwenda kwake!

Nikamwamuru Kamanda arudi akalichukue. Kasikiliza vizuri sana. Kachukua jani la pili, kalipeleka.

Swaleh anasema sijawahi kuonekana muungwana kiasi hiki. Nimemfukuza.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Mwalimu Yuditha kaja. Kitenge cha kanisani, chungu cha mtori, na majani yangu mawili mkononi. Kaketi bila kukaribishwa. Kasema moja lingetosha. Kasema ameona alama za meno, na hakujua kwamba kosa lilinichoma kiasi cha kuyatafuna.

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba meno yale si yangu. Nikamtafuta Kamanda kwa ushahidi. Alikuwa amelala juu ya miguu ya Mwalimu, tumbo juu. Mwalimu kasema huyu humtembelea kila siku akikamua, naye humpa maziwa na kumwita Kadogo. Kadogo!

Wakati huohuo geti likalia. Hellen.

Nikapima haraka. Nikisema kweli, Mwalimu anaondoka na mtori wake, Kamanda anarudi chini ya kitanda, na kesho yuko Njoro. Nikinyamaza, mimi Eliudi nimeomba radhi kwa tawi. Nikamtazama yule mbwa. Alikuwa anakoroma.

Nikasema shikamoo, Mwalimu. Kasema marahaba, mwanangu. Nikasema nisamehe. Hellen akasimama mlangoni, akamwona mbwa, akaniona mimi, akalia. Mbwa anabaki. Nilikula mtori mabakuli mawili ili nisiongee.

Jumapili, 15 Juni

Nimekaa siku nzima natafakari funzo la wiki hii, na nimelipata. Isale inafanya kazi! Jani moja tu, na mtu analetewa chakula mpaka kitini.

Sasa huko chini, kwa Mzee Hosea, kuna mparachichi wenye matunda makubwa kuliko ya Mwalimu. Tawi halijavuka mpaka, lakini nia linayo. Hogo linatolewa mwisho wa mwezi. Mwenye busara hujiandaa, kwa hiyo mchana nimeanza kumfundisha Kamanda njia ya kwa Mzee Hosea: isale itangulie, kosa lifuate.

Maendeleo ni mazuri. Kila jani analibeba bila kuangusha. Ila yote anampelekea Mwalimu.

Jioni Mwalimu kachungulia juu ya uzio, mkono umejaa masale, kauliza nimekosa nini tena. Nimemjibu: bado.